Jinsi ya Kuwa Mhafidhina wa Siasa Katika Ulimwengu wa Sanaa: Mwongozo kwa Wasanii wa Dodoma

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mwigizaji, mchoraji, mshairi au mwanamuziki wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa au Singida anayeamini kwamba familia, dini, ardhi ya ukoo na heshima kwa wazee ni mambo yanayostahili kulindwa, kwamba mabadiliko ya jamii yaende hatua kwa hatua, na kwamba serikali isitie mkono katika kila jambo la maisha ya watu, lakini kila anapokaa na wasanii wenzake hujikuta peke yake au karibu peke yake. Nimefanya kazi ya jukwaa katika mkoa huu kwa miaka mingi nikiwa na imani hizo. Nimeona vijana wenye vipaji wakinyamaza mpaka kazi zao zikakosa uhai, na nimeona wengine wakigeuka wagomvi ambao hakuna kikundi kinachotaka kufanya nao kazi. Yote mawili yanaepukika, ila kwa jitihada.

Kwanza, usiazime ugomvi wa watu wengine. Nchini Marekani mabishano kati ya wahafidhina na wasanii yamehusu sana fedha za umma: nchi hiyo iliunda mfuko wake wa taifa wa sanaa mwaka 1965, na mwaka 1989 wanasiasa wahafidhina walipambana vikali na mfuko huo kuhusu maonyesho ya picha walizoona zinatukana dini na maadili. Hapa kwetu mambo yamekaa tofauti. Serikali yetu yenyewe huzungumza kila mara lugha ya maadili na utamaduni, na chama kinachotawala kilizaliwa mwaka 1977 kwa kuunganishwa TANU na ASP, vyama viwili vilivyoahidi kuibadili jamii kuanzia mizizi, hivyo kadi ya chama haimwambii mtu yeyote kama wewe ni mhafidhina au la. Shinikizo utakalokutana nalo Dodoma litatoka kwa wafadhili wa miradi, kwa wasanii wenzako waliozoea mazingira ya Dar es Salaam au ng'ambo, na mara nyingine litatoka nyumbani kwako, kwa ndugu wanaoamini kwamba jukwaa ni mahali pa wahuni.

Taja kwa majina unachotaka kukihifadhi

Chukua karatasi uandike unachokilinda, na usikubali kuishia kwenye maneno kama "mila zetu" au "maadili yetu", kwa sababu maneno hayo hutumiwa na kila mtu kwa lolote analolitaka. Andika vitu vyenyewe: uimbaji wa sauti nyingi wa Wagogo, zeze, ilimba, ngoma ya muheme, desturi ya kumsalimu mzee kabla ya kuanza kazi, siku ya ibada isiyo na mazoezi, haki ya mzazi kumlea mwanawe kwa imani yake, haki ya mkulima wa Bahi juu ya shamba alilorithi. Orodha ya namna hiyo itakusaidia siku utakapobanwa kikaoni, lakini kabla ya hapo itakusaidia wewe mwenyewe kugundua kwamba baadhi ya mambo uliyodhani unayalinda huyalindi kabisa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ukeketaji. Ukisema mbele ya wasanii wa mkoa huu kwamba wewe unasimamia mila, swali la kwanza utakaloulizwa ni hilo, na wanaouliza wana haki ya kuuliza, kwa kuwa Dodoma na Singida zimo katika mikoa ambayo desturi hiyo ilishika mizizi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Usijibu swali hili kwa kuzunguka. Sema waziwazi kwamba kisu hukihifadhi, kisha ueleze unachokihifadhi, na hapo utazame kwa makini jinsi muheme ilivyopita katika jambo hili. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanawake wenyewe ndio wapigaji, na ngoma zake hubanwa kati ya miguu. Tangu zamani ilifungamana na sherehe za unyago. Leo hii unaweza kuiona kwenye tamasha la muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino, ikipigwa na akina mama kwa ustadi uleule, mbele ya watu waliokuja kusikiliza muziki. Ngoma imebaki na mafunzo ya heshima yamebaki, na anayeikataa ile sehemu ya kisu hajaitukana ngoma. Hiyo ndiyo kazi ya mhafidhina, kutenganisha kwa subira kinachopaswa kubaki na kinachopaswa kuondoka, na kuwa na kisu tayari kwa ajili ya desturi yenyewe pale inapodhuru. Msanii asiyeweza kufanya utenganisho huo ni mtetezi wa kila kilichokuwapo jana, jambo ambalo hata bibi zetu hawakulifanya.

Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, aliuchukua muziki wa nyumbani mpaka majukwaa ya mbali duniani, na mwaka 2002 alitoa albamu pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Canada. Hakuna aliyeuhifadhi muziki wa Kigogo kuliko yeye, wala hakuna aliyeufungulia milango mingi kuliko yeye. Iko pia sehemu ya historia yake inayotutaka sisi wahafidhina tuwe wakweli: alitolewa kijijini na kupelekwa Dar es Salaam kwa mwaliko wa Rais Nyerere, na miaka yake mingi aliishi na kufanya kazi Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa cha serikali. Mtu anayesema kwamba dola iiache sanaa ijitegemee hana budi kulijibu hilo. Jibu langu ni kwamba dola inaweza kumpa fundi nafasi ya kufanya kazi bila kumwandikia aimbe nini, na hapo ndipo ninapoweka mpaka. Wewe tafuta jibu lako, lakini usiende kwenye mjadala bila jibu.

Mpe mpinzani wako maneno bora kuliko yote

Kipo kisa cha mkoa huu ambacho naona kinamngoja msanii mhafidhina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kuhamia vijijini kuwa amri ya nchi nzima, kulikuwa na Operesheni Dodoma, ambapo Wagogo waliokuwa wakiishi katika tembe zilizotawanyika, karibu na mashamba na malisho yao, walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kila hoja ya mhafidhina imo humo: mpango mkubwa uliochorwa ofisini, watu waliojua ardhi yao lakini hawakuulizwa vya kutosha, makaburi yaliyoachwa nyuma, ng'ombe na mashamba vilivyobaki mbali na makazi mapya. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza aliyezaliwa Ireland, aliandika mwaka 1790, akiyapinga Mapinduzi ya Ufaransa, kwamba jamii ni mapatano kati ya walio hai, waliokufa na wale ambao bado hawajazaliwa; mzee wa Kigogo aliyekataa kuondoka penye makaburi ya baba zake hakuhitaji kumsoma Burke ili kulijua jambo hilo.

Ukiamua kuliandikia jambo hili igizo, jihadhari na namna rahisi, yaani bwana shamba au katibu wa chama mwenye sauti kubwa na moyo mbaya anayewafokea wazee wasio na doa. Igizo la namna hiyo litapigiwa makofi na wanaokubaliana nawe tayari, na wengine watatoka wakiamini kwamba mhafidhina hajui historia. Katika tukio kuu, mwandikie katibu hotuba nzuri kuliko zote. Mwache aseme kwamba mtoto wa tembe iliyo kilomita nyingi kutoka shuleni hatasoma, kwamba zahanati haiwezi kujengwa kwa kila kaya, kwamba njaa ilikuwa ikiijia Ugogo mara kwa mara na watu waliotawanyika ni vigumu kuwafikishia chakula. Maneno hayo yalisemwa na watu walioyaamini, na yana ukweli ndani yake. Kisha mwache mzee ajibu kwa kitendo kimoja, au asijibu kabisa. Ukiifanya kazi hii vizuri, mwigizaji asiyekubaliana nawe kisiasa atataka kuicheza nafasi ya katibu kwa sababu ni nafasi yenye nyama, na mtazamaji ataondoka na mzigo wa kufikiri. Nimeona zaidi ya mara moja kwamba ushirikiano kati ya watu wa misimamo tofauti huanzia katika nafasi zilizoandikwa vizuri, kabla ya kuanzia katika mazungumzo ya kirafiki.

Wapo watakaokuuliza kwa nini unaandika kwa vina na mizani, au kwa nini huandiki hivyo, na wataichukua namna yako ya kuandika kuwa ndiyo siasa yako. Usikubali. Historia ya ushairi wetu inawakanusha. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma na mtu wa kanuni kali za vina na mizani, ndiye aliyeikuza ngonjera, na ngonjera zikawa chombo kikubwa cha kueneza siasa ya ujamaa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Saadani Kandoro, aliyeutetea ushairi wa kimapokeo dhidi ya mashairi huru ya kina Euphrase Kezilahabi katika miaka ya 1970, alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Upande wa pili, mshairi wa Kiingereza T. S. Eliot, ambaye mwaka 1928 alijitangaza hadharani kuwa mfuasi wa ufalme katika siasa na wa kanisa la Kianglikana la mapokeo katika dini, alikuwa miongoni mwa walioivunjavunja kanuni ya zamani ya shairi la Kiingereza. Chagua bahari ya shairi lako kwa mahitaji ya shairi.

Fedha na masharti yake

Sehemu kubwa ya maigizo na michoro ya ukutani inayoonekana katika miji yetu hulipiwa na miradi, na mradi huja na ujumbe wake. Usiupokee wala kuukataa kabla hujausoma mwito wake wote. Tafuta mambo matatu: ni nani anayeidhinisha mswada wa mwisho, ni nani atakayemiliki kazi baada ya onyesho, na je, ujumbe umetajwa kama mada au kama hitimisho. Mfadhili anayesema "tunataka igizo kuhusu ndoa na elimu ya msichana" amekupa mada, na ndani ya mada hiyo mhafidhina ana mengi ya kweli ya kusema kuhusu wajibu wa baba, kuhusu wazazi wanaouza ng'ombe ili binti asome, kuhusu mjomba anayesimama upande wa mtoto. Mfadhili anayesema igizo liishe kwa mhusika kuukana ukoo wake amekupa hitimisho, na hapo ni heri kumwandikia kwa adabu kwamba hamtaelewana kuliko kuchukua fedha na kuibadilisha hadithi kisirisiri. Udanganyifu wa namna hiyo hugundulika, na hulichafua jina la kila msanii mwenye msimamo kama wako.

Ukikataa, lazima uwe na mahali pengine pa kula. Kwaya za makanisa ya Dodoma zinahitaji watunzi, walimu wa sauti na warekodi. Sherehe za harusi na sendofu zinahitaji washereheshaji wenye lugha safi na vikundi vya ngoma. Shule zinahitaji walimu wa ngonjera kwa ajili ya mahafali. Na tangu serikali ilipohamia huku, kuanzia mwaka 2016, zimeongezeka shughuli za kitaifa zinazohitaji wasanii. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo, na kwa mtu mwenye imani kama zetu mkopo una heshima yake, kwa sababu deni hulipwa kwa fedha na mkopeshaji haandiki mswada. Sajili kazi zako COSOTA pia, yaani ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na anayehubiri kwamba mali ya mtu iheshimiwe asiiache kazi yake mwenyewe ikiokotwa ovyo. Sheria hiyohiyo inazitambua sanaa za jadi. Kwa hiyo mchoraji anayenakili michoro ya miambani ya Kolo ili kuuzia wageni, michoro ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO na ambayo wenyeji bado hufanyia ibada karibu yake, aanze kwa kuwaona wazee wa Kolo.

Usikimbilie kwa wenye mamlaka

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu ndipo wahafidhina wengi katika sanaa hupotea. Utaona kazi ya mwenzako itakayokuudhi: wimbo wa matusi, igizo linalodhihaki ibada, picha ambayo usingependa mwanao aione. Utajua pia kwamba kuna mlango wa kugonga, maana BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, michezo ya jukwaani na filamu ina sheria yake ya mwaka 1976, na adhabu za kufungiwa si jambo geni. Mwaka 2018 nyimbo kadhaa zilizopendwa sana zilifungiwa. Kishawishi cha kupiga simu moja na kumaliza mjadala ni kikubwa.

Usipige simu hiyo. Wewe ndiye uliyesema kwamba serikali iwe na mipaka, na mpaka unaohama kila unapoudhika si mpaka. Tena chombo kitakachoipima kazi ya kijana yule leo kwa kipimo cha maadili kitaupima kesho mswada wako kuhusu Operesheni Dodoma kwa kipimo kingine, na hutakuwa na rafiki hata mmoja wa kukutetea. Jambo la maana zaidi ni kwamba jamii inayoacha kazi ya kulinda adabu kwa afisa wa serikali hupoteza uwezo wa kuilinda yenyewe. Mfuate mwenzako ana kwa ana. Ukimwita pembeni baada ya onyesho, mwambie kwa mfano: "Kaka, tukio la pili limenigusa. La nne limenikwaza kama muumini, na ningependa kujua ulitaka nilione vipi." Msikilize mpaka mwisho. Ukibaki umekwazika, andika makala yenye jina lako, au tunga kazi inayomjibu. Isipokuwa mtoto ametumiwa vibaya au mtu amedhuriwa; hapo nenda polisi siku hiyohiyo, wala usizungumzie uhuru wa sanaa.

Pamoja na hilo, jitenge na uchawa. Msimu wa kampeni ukifika, wasanii hupanda majukwaa ya wagombea, na wengi watadhani kwamba kwa kuwa unaheshimu mamlaka basi utamsifu kila mwenye cheo. Kuimba kwenye mkutano wa kampeni ni kazi halali, na sitamlaumu mwenye familia akiifanya kwa mkataba na malipo yanayojulikana. Amua kabla ya msimu utaimba nini na hutaimba nini, uuandike uamuzi huo, na usimtungie mtu aliye hai sifa ambazo ungeona aibu kuzisikia baada ya miaka kumi. Kura yako ni siri na hakuna kikundi chenye haki ya kukuuliza ulimpigia nani. Ukiulizwa unaamini nini, hata hivyo, jibu kwa ukweli na kwa ufupi, kisha urudi kwenye mazoezi.

Mazoezini penyewe siasa isiingizwe na mtu yeyote, wewe ukiwa wa kwanza kujizuia. Muda wa mazoezi hulipiwa na wote. Ukiombwa kubadilisha jambo katika kazi yako kwa sababu za kisiasa, omba uambiwe kwa maneno mahususi: ni sentensi gani, ni mwendo gani, ni vazi gani. Mara nyingi ombi lililoanza kama lawama kubwa huishia kwenye sentensi moja ambayo kweli ilikuwa mbaya. Ukikosa nafasi katika onyesho, uliza sababu, na kabla hujaamini kwamba umeonewa kwa ajili ya imani yako mpe kazi hiyo mtu anayejua fani na asiyekuonea haya, akuambie kama ina mapungufu.

Kwa upande wa nyumbani ushauri wangu ni mfupi. Wazazi wa waigizaji wako, mchungaji na sheikh wa mtaa, wote waalikwe mazoezini kabla ya onyesho, wapewe viti vya mbele, waone kazi ikifanyika. Mabinti wamalize mazoezi kabla ya giza, na nauli yao iwemo kwenye bajeti. Mzee aliyeona kwa macho yake hupunguza maneno.

Siku moja utakuwa wewe mwenye kikundi, au mwalimu wa darasa la sanaa, na hapo msimamo wako utapimwa na watu walio chini yako. Wanafunzi wajue unaamini nini, kwa sababu watajua tu, lakini wapime kwa sauti, kwa mwili, kwa mswada. Katika kila kikundi cha watu kumi, chukua angalau wawili ambao hawakubaliani nawe na ambao wana uwezo kuliko wengine. Katika mkataba wao andika kwamba mwigizaji anaweza kukataa tukio linalokwenda kinyume na dhamiri yake, mradi aseme katika wiki ya kwanza ya mazoezi, na kwamba akikataa hapunguziwi malipo ya siku alizofanya kazi. Kifungu hicho kiwahusu wote, muumini na asiye muumini, na ukisome kwa sauti siku ya kusaini.